Neno la siri unabadilisha, je, namba ya kitambulisho?



Wiki iliyopita nilikwenda kuchapisha barua kwenye kafe moja ya intaneti pale Mwenge, Dar es Salaam. Flashi yangu ikagoma kusoma, nikaamua niishushe barua yenyewe kutoka kwenye barua pepe. Nafungua folda la vitu vilivyoshushwa... jamani! Vitambulisho vya taifa vya watu, mbele na nyuma. Vyeti vya kuzaliwa. Vyeti vya fomu foo. CV zenye namba za simu za mwombaji mpaka za wadhamini wake. Nilihesabu vitambulisho 14 vya watu nisiowajua, nikaacha kuhesabu.

Wenyewe walikuja kuomba mkopo wa chuo, au kazi, au pasipoti. Wakaskani, wakatuma, wakalipa, wakaondoka zao. Vitambulisho vikabaki.

Nikamwita kijana anayesimamia pale, tukavifuta pamoja. Hakushtuka hata kidogo. "Kaka, hiyo kawaida, mimi kila siku nafuta." Halafu akaniuliza swali ambalo nimetembea nalo wiki nzima: "Kwani mtu akiwa na namba yako ya kitambulisho atakufanya nini? Si namba tu?"

Swali zuri. Na ipo nchi ambayo imelijibu hatua kwa hatua, tena kwa maumivu. Nchi hiyo ni Korea Kusini. Twende huko kwanza, halafu turudi nyumbani.

NAMBA ILIYOZALIWA NA VITA

Januari 1968, makomandoo 31 wa Korea Kaskazini walipenya mpaka kwenda kumuua Rais Park Chung-hee wa Korea Kusini. Walikamatiwa njiani wakiwa wameshafika karibu kabisa na Ikulu ya Seoul, risasi zikarindima. Mwaka huo huo serikali ikaanza kumpa kila raia namba ya usajili, ili iwe rahisi kumjua nani mwenyeji na nani jasusi. Mwaka 1975 namba hiyo ikawekwa kwenye mtindo wa tarakimu 13.

Tarakimu hizo 13 hazikupangwa kiholela. Chukua mfano wa kubuni: mwanaume aliyezaliwa tarehe 5 Machi 1985. Namba yake inaanza na 850305, yaani mwaka, mwezi na siku, halafu inafuata 1, kuonyesha ni mwanaume. Angekuwa mwanamke ingefuata 2. Waliozaliwa kuanzia mwaka 2000 wanapewa 3 au 4. Baada ya hapo zilikuja tarakimu za eneo alikosajiliwa, na ya mwisho kabisa ni ya kuhakiki hesabu, inayopatikana kwa kukokotoa zile 12 za mbele.

Kwa hiyo namba yenyewe inasema umri wako, jinsia yako na ulikosajiliwa. Mtu akiisoma tu ameshakujua nusu.

Enzi za makaratasi hilo halikuwa tatizo kubwa. Namba ilikaa kwenye kabati la serikali ya mtaa. Kisha ikaja intaneti, na Korea walikimbia kuliko karibu nchi zote. Kafe zao wanaziita PC bang, vijana wanakesha humo wakicheza gemu. Tovuti zikaanza kudai jina na namba ya usajili ili kukufungulia akaunti. Mwaka 2007 ikawa sheria: tovuti zenye wageni zaidi ya 300,000 kwa siku lazima zihakikishe mtu ni nani kabla hajaandika maoni. Baadaye kiwango kikashushwa hadi 100,000. Lengo lilikuwa kupunguza matusi mtandaoni.

Hebu fikiria ndugu yangu: ili uandike maoni kwenye ukurasa kama huu, kwanza utoe namba yako ya NIDA!

Matokeo yake kila tovuti kubwa, gemu, duka na benki vikawa na daftari lake la namba za wananchi. Serikali ina kabati moja, lakini funguo zimechongwa elfu.

MILANGO MITATU YA KUVUJIA

Watu wakisikia data zimevuja wanadhani siku zote ni kijana mmoja kavaa kofia anabofya gizani. Sivyo. Kuna milango mitatu, na yote imeshatumika.

Mlango wa kwanza: mwizi wa nje. Julai 2011 wadukuzi waliingia kwenye kampuni ya SK Communications, wenye tovuti za Nate na Cyworld. Hawakuvunja mlango wa mbele. Walipitia programu ya kawaida ya kubana mafaili ambayo wafanyakazi walikuwa nayo kwenye kompyuta zao, wakapachika virusi ndani ya toleo jipya la programu hiyo. Mfanyakazi anadhani anasasisha programu, kumbe anamkaribisha mgeni. Zikaondoka taarifa za watumiaji milioni 35, namba za usajili zikiwemo. Nchi nzima wakati huo ilikuwa na watu kama milioni 50.

Mlango wa pili: mtu wa ndani. Huu ndio unaouma zaidi. Januari 2014 ikabainika kwamba taarifa za wateja wa kampuni tatu za kadi za benki, KB Kookmin, Lotte na NH Nonghyup, zimebebwa. Walioguswa ni watu kama milioni 20. Nani kabeba? Mtaalamu wa kampuni nyingine, aliyeletwa kusaidia kujenga mfumo wa kugundua wizi wa kadi! Alizinakili kwenye flashi. Flashi kama hiyo hiyo uliyoning'iniza kwenye funguo zako. Kisha zikauzwa kwa watu wa matangazo ya mikopo. Wakuu wa kampuni walisimama mbele ya kamera wakainama kuomba radhi, wateja wakajaa kwenye matawi ya benki kufuta kadi. Kaazi kweli kweli.

Mlango wa tatu: mlango ulioachwa wazi. Hapa turudi Afrika kidogo. Oktoba 2017 iligundulika Afrika Kusini kwamba faili lenye namba za vitambulisho zaidi ya milioni 60, hata za marehemu, limekaa kwenye seva inayofunguka kwa mtu yeyote. Liliunganishwa na kampuni ya mambo ya nyumba na viwanja. Hakukuwa na haja ya kudukua chochote. Ilikuwa kama kuacha daftari la duka barazani na kwenda kulala.

Ukitazama vizuri, yale niliyoyakuta Mwenge ni mlango wa tatu. Tofauti ni ukubwa tu. Wao milioni 60, sisi 14 kwenye kompyuta moja. Lakini kompyuta za kafe ziko ngapi mjini?

HAYA, ATAKUFANYA NINI?

Sasa tumjibu kijana wa kafe.

Namba ya kitambulisho ilitengenezwa ifanye kazi ya JINA. Juma Hamisi wapo wengi, lakini Juma Hamisi mwenye namba hii ni mmoja tu. Hiyo ndiyo kazi yake, kututofautisha. Na jina, kwa asili yake, halifichwi. Unalitaja shuleni, hospitalini, kwa wakala, kwa mwenye nyumba.

Kosa lilikuja pale watu walipoanza kuitumia namba hiyo kama UFUNGUO. "Taja namba yako, nithibitishe kama ni wewe." Hapo ndipo mambo yanaharibika, kwa sababu kitu kimoja hakiwezi kuwa jina na ufunguo kwa wakati mmoja. Jina unalitaja kwa kila mtu. Ufunguo humpi mtu.

Korea walilijua hili kupitia watoto. Novemba 2011 walianza sheria ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kucheza gemu za mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mfumo unamjuaje mtoto? Kwa namba ya usajili. Basi watoto wakaingia kwa namba za baba na mama zao, gemu likaendelea. Sheria yenyewe ilikuja kufutwa, ikakoma kutumika mwanzoni mwa 2022. Mtoto wa darasa la sita alikuwa ameshaelewa kitu ambacho wakubwa walikataa kukielewa: kuijua namba hakuthibitishi kwamba wewe ndiye mwenye namba.

Wezi nao walielewa. Namba zilizovuja ziliuzwa, nyingine zikaishia kwa wacheza gemu wa China waliotaka akaunti za Korea. Huo ndio ubaya mdogo. Ubaya mkubwa ulikuja kwa simu. Unapigiwa na mtu anajiita mwendesha mashtaka. Anakutajia jina lako kamili, namba yako ya usajili, benki yako. Anakwambia akaunti yako imetumika kwenye uhalifu, hamishia fedha mahali salama upesi. Na wewe unaamini! Kwa nini? Kwa sababu ANAKUJUA.

Hapo ndipo thamani ya namba iliyovuja ilipo. Peke yake haifungui benki. Inafungua imani yako.

Sisi tuna meseji zetu za "ile hela tuma kwenye namba hii". Tunazicheka, kwa sababu aliyetuma hajui hata jina letu, anatupa nyavu tu. Sasa mchukue tapeli huyo huyo, mpe kitambulisho chako mbele na nyuma, mpe CV yako, mpe na barua ya maombi ya kazi uliyoacha kafe. Anakupigia: "Habari, naongea na fulani, uliyezaliwa tarehe fulani, uliomba kazi kwetu mwezi jana? Hongera umechaguliwa, tuma shilingi 30,000 za vipimo vya afya." Je, utacheka tena? Mimi sina uhakika kama ningecheka.

KAMA IMEIBIWA, SI UIBADILISHE?

Neno la siri la barua pepe likiibiwa unabadilisha dakika mbili, yameisha. Kadi ya benki ikiibiwa unapewa nyingine. Laini ya simu vile vile. Aprili 2025 kampuni ya simu ya SK Telecom, hiyo hiyo Korea, iliibiwa taarifa za laini za wateja. Ilikuwa na wateja kama milioni 23, ikatangaza kila mmoja abadilishiwe laini bure. Foleni zilikuwa ndefu, laini zikapungua madukani, lakini dawa ilikuwepo: toa laini ya zamani, weka mpya.

Sasa namba ya usajili? Baada ya mivujo hii, wananchi walikwenda serikalini wakasema namba zetu ziko mikononi mwa wezi, tupeni nyingine. Wakajibiwa haiwezekani. Namba ni ya maisha.

Wakaenda mahakamani. Kwanza, Agosti 2012, Mahakama ya Katiba ilifuta ile sheria ya kujitambulisha kabla ya kutoa maoni. Mwaka huo huo tovuti zikaanza kuzuiwa kukusanya namba za usajili, na mwaka 2014 katazo likapanuliwa: hakuna kukusanya namba hiyo popote bila sheria inayoruhusu. Kisha Desemba 2015 mahakama ile ile ikaamua kwamba kumnyima mtu njia yoyote ya kubadilisha namba iliyovuja ni kinyume cha katiba. Mei 2017 mlango ukafunguliwa: anayethibitisha kwamba amedhurika au yuko hatarini kudhurika anaweza kuomba namba mpya. Hata hivyo zinabadilishwa tarakimu 6 za mwisho tu. Tarehe ya kuzaliwa na jinsia vinabaki pale pale.

Hesabu mwenyewe. Kutoka mvujo wa 2011 mpaka 2017 ni miaka sita. Kwa miaka sita mtu aliyeibiwa alikuwa anaambiwa vumilia.

Kingine walichojifunza ni kwamba namba inayosema mambo mengi ni rahisi kufumbuliwa. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Latanya Sweeney na Ji Su Yoo, walichukua namba 23,163 za marehemu wa Korea ambazo zilikuwa zimefichwa kwa mafumbo kwenye data za dawa za hospitali. Walizifumbua zote. Zote! Mpangilio wa tarehe na ile tarakimu ya kuhakiki ndio uliowasaidia. Tangu Oktoba 2020 namba mpya za Korea hazibebi tena eneo la usajili. Baada ya tarakimu ya jinsia, zinazofuata ni za bahati nasibu. Waliozaliwa kabla ya hapo wamebaki na zao za zamani.

HUKU KWETU

Toa kitambulisho chako cha NIDA mfukoni. Namba ina tarakimu 20. Soma 8 za mwanzo: mwaka, mwezi, siku. Ni tarehe yako ya kuzaliwa. Unaona?

Kuanzia Mei 2019 Tanzania ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na zile ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020. Laini ndiyo pochi yetu siku hizi. Kwa hiyo namba ya NIDA, laini na hela vimefungwa kamba moja. Alama ya kidole imesaidia, kwa sababu kuijua namba tu hakutoshi kusajili laini. Lakini kidole nacho kina ujanja wake. Umeshawahi kuambiwa na wakala wa barabarani, "Haijasoma, weka tena... weka tena"? Wakati mwingine ni kweli haijasoma. Wakati mwingine amesajili laini ya pili kwa jina lako na wewe umesimama hapo hapo.

Wenzetu Kenya nao waliamka Juni 2021 wakakuta maajabu. Watu waliingia kwenye tovuti ya serikali kuangalia uanachama wa vyama vya siasa, wakajikuta wameandikishwa kwenye vyama ambavyo hawajawahi kukanyaga ofisi zake. Malalamiko yakamiminika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hakuna hela iliyoibiwa hapo. Kilichoibiwa ni sauti ya mtu.

Habari njema ni kwamba sheria zipo. Kenya wana sheria ya kulinda data tangu 2019. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupelekewa malalamiko. Anayekusanya taarifa zako anapaswa kukwambia ni za nini, na azitunze. Hii inamhusu na mwenye kafe.

SASA UFANYE NINI?

1) Piga *106# leo, kabla hujalala. Kwa Tanzania itakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la kampuni husika ikafutwe. Walio Kenya na laini za Safaricom, namba ni hiyo hiyo.

2) Ukimaliza kafe, rudi kwenye folda la vitu vilivyoshushwa na lile la skana. Futa vyako. Halafu kamwage na pipa la takataka la kompyuta, maana kilichofutwa bado kimo humo. Toka kwenye barua pepe na WhatsApp kabla hujainuka.

3) Ukitoa kopi ya kitambulisho, andika juu yake kwa kalamu, kwa kukatisha: "Kwa maombi ya kazi fulani tu", na tarehe. Kopi hiyo itamsumbua atakayetaka kuitumia kwingine.

4) Namba ya siri ya simu isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Umeshaona mwaka huo umeandikwa wapi.

5) Mtu akikupigia akakutajia kila kitu chako, hiyo sio sababu ya kumwamini. Kata simu, tafuta namba rasmi mwenyewe, piga wewe.

6) Kwa wakala, kidole kikigoma mara mbili, ondoka, nenda dukani.

Lakini tuseme ukweli wadau, hizo zote ni za kuziba ufa. Mkorea wa 2014 angefanya yote sita na bado namba yake ingetoka kwenye ile flashi, kwa sababu hakuwa yeye aliyeiacha wazi. Dawa kubwa iko kwa wanaotuomba namba. Waache kuomba wasichokihitaji. Waache kuamini kwamba anayeitaja namba ndiye mwenye namba. Na kama siku ikivuja kwa kosa lao, mwenye namba awe na pa kwenda kupewa nyingine, asisubiri miaka sita.

Jumamosi nilirudi pale kafe nikamweleza yule kijana haya yote. Alisikiliza, akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo wale 14 tuliowafuta, tuliwafuta sisi. Kabla yetu nani alikaa kwenye hiyo mashine?" Sikuwa na jibu. Nilipoondoka alikuwa amebandika karatasi juu ya kila kompyuta: FUTA KITAMBULISHO CHAKO KABLA HUJALIPA.

Wewe je? Umepiga *106#? Umekuta laini ngapi? Weka hapo chini, ila namba zenyewe usiziandike! Naomba kutoa hoja.